Mstari wa Pili Sikuutafsiri

Kazi yangu hasa, pale Durban, ilikuwa kusuka nywele. Hili la kutafsiri nililipata kwa sababu ya mdomo. Saluni yetu ya mtaa wa Point ilikuwa na wanawake sita, watano Wakongomani na mimi Mtanzania peke yangu, mtu wa Tanga, na kila barua ya Kiingereza iliyoingia mle ndani niliisoma mimi. Nilikuwa na kidato cha sita, na sikumwachia mtu nafasi ya kusahau. Kwa hiyo nesi mmoja wa zahanati ndogo ya Umbilo alipokuja kutafuta mtu wa kuwasemea wagonjwa wa Kiswahili, wenzangu hawakungoja nijibu. Walininyooshea vidole wote kwa pamoja, mmoja akiwa na kitana mdomoni.

Nesi huyo tulimwita Sista. Alikuwa Mzulu wa makamo, mnene, miwani yake inaning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Neno lake moja la Kiswahili lilikuwa "asante", na alilitumia pia kwa maana ya karibu, pole na kaa hapo. Mimi na yeye tulizungumza Kiingereza. Aliniita "sisi", ndiyo dada kwa Kizulu, na kila nilipomaliza kutafsiri aliniambia naongea vizuri kuliko madaktari wake. Ukitaka kuniharibu nisifie. Nilikuwa nakwenda kwake Jumatano na Jumamosi, na siku hizo nilivaa viatu vyangu vya ngozi.

Hii ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilipoanza, damu ilikuwa ikipelekwa maabara kubwa na majibu yanarudi baada ya wiki mbili. Katika wiki mbili mkimbizi anaweza kuhama vyumba viwili. Tulikuwa tunakaa na makaratasi ya watu wasiorudi, wengine wakiwa na virusi vya UKIMWI na wanatembea mjini bila kujua. Sista alikuwa anayapanga mezani kila Jumamosi kisha anayarudisha kwenye faili.

Ndipo vikaja vile vipimo vya haraka. Kila kimoja kilikuwa kibao cha plastiki kama kiberiti, kina kidirisha. Unamchoma mtu kidole, unadondosha tone la damu, unaongeza matone ya maji yake, unangoja dakika kumi na tano. Ukitokea mstari mmoja mwekundu, kipimo kimefanya kazi na virusi havikuonekana. Ikitokea miwili, vipo. Aliyetuletea vipimo alitueleza kwamba ule wekundu ni dhahabu. Chembe za dhahabu zimesagwa ndogo mno, hakuna jicho linaloweza kuona moja, na dhahabu ikiwa ndogo kiasi hicho inaacha unjano wake inakuwa nyekundu. Zinasafiri na damu kwenye kikaratasi kilichomo ndani ya kibao, na zikikuta kitu cha kushikana nacho zinasimama pale kwa wingi mpaka unaona mstari. Sista alitukazia jambo moja: hata uwe hafifu namna gani, mstari ni mstari.

Hadithi ya dhahabu niliipenda mno. Zile dakika kumi na tano ni ndefu, na mtu anayengoja hana pa kuyaweka macho yake, basi nikawa nawasimulia. Watu walicheka. Wengine waliomba kubeba kibao nyumbani.

Sasa lazima niseme jinsi nilivyolelewa, ingawa najua inafanana na kujitetea. Mama yangu alifariki nikiwa shule ya bweni. Mwalimu alikuja kuniambia mama hajisikii vizuri, nirudi nyumbani mara moja. Nilisafiri siku nzima nikiwaza dawa za kumnunulia. Nilipofika, shangazi alinipokea mzigo, akanipa maji ya kuoga, akaniletea wali na samaki, akakaa mbele yangu mpaka nikamaliza. Halafu wakaja wanawake wengine watatu wakanizunguka, ndipo akaniambia. Mama alikuwa ameshazikwa. Sikuwahi kumlaumu shangazi. Mpaka leo naamini alinipenda, na kwetu ndivyo inavyofanywa: habari nzito haipewi mtu mwenye njaa, wala mtu aliye peke yake.

Mwanamke niliyemkosea alikuja Jumamosi moja asubuhi, mimba ikiwa ya miezi minane. Alikuwa mtu wa Uvira, huko Kongo, mdogo kwangu kwa miaka michache, anauza leso na pipi barabarani, na mumewe alikuwa akipakia magunia kwenye kiwanda kimoja huko Jacobs, mtaa wa viwanda. Alikuja peke yake. Alikuwa amefunga kwa ajili ya maombi ya kanisani kwao, hajatia kitu mdomoni tangu jana yake. Nilipomweleza habari ya dhahabu alinitazama kama ninayemtania.

"Dahabu? Mule ndani?"

"Humo humo, dada. Ndiyo inayotoa rangi."

"Eh. Kwetu watu wanauana juu ya hiyo. Na huku munaimwangia tu damu."

Tukacheka wote wawili. Alikuwa na kicheko cha kujizuia, mkono juu ya tumbo. Sista aliinama kwenye kibao, akavaa miwani. Akatoa kipimo cha kampuni nyingine, cha kuhakikisha, akachukua tone la pili. Tukangoja tena. Niliendelea kuzungumza, sijui nilizungumza nini, maana mimi nilikuwa nimeshauona mstari wa pili kabla ya Sista. Haukuwa hafifu hata kidogo.

Cha pili kikajibu vilevile. Sista alivuta kiti akamshika yule dada mkono, akasema kwa Kiingereza, taratibu, kama alivyokuwa anafanya siku zote: "Mwambie vipimo vyote viwili vinaonyesha ana virusi. Mwambie nasikitika. Mwambie hayuko peke yake."

Nikamgeukia. Alikuwa ananiangalia mimi, si Sista, midomo imemkauka kwa njaa, bado ana mabaki ya kile kicheko. Nikasema:

"Sista anasema damu yako imepungua nguvu. Anataka urudi Jumatano. Uje na mtu wako, mtu mzima, ambaye mnasikilizana."

"Iko mubaya sana?"

"Si sana. Ila uje na mtu."

Akatikisa kichwa kukubali. Sista aliuona utulivu ule akashangaa. Akasema, "Eish, ana moyo huyu." Na akaandika kwenye faili kwamba mgonjwa amepokea vizuri.

Ningeweza kusimama hapo. Nilijiambia ni siku nne tu, Jumatano atakuja ameshiba, ana mtu wa kumshika, nami nitamwambia yote. Lakini ukishaanza kusema uongo kwa lugha mbili huwezi kusimama unapotaka. Sista aliingia kwenye habari ya mtoto. Siku zile vidonge vya kumkinga mtoto havikuwepo kwa watu kama sisi. Kitu pekee kilichokuwa mikononi mwa Sista ni maziwa ya kopo, kwa sababu virusi hupita kwenye maziwa ya mama. Aliniambia nimuulize kama yuko tayari kutonyonyesha kabisa, na kama nyumbani ana maji safi na jiko.

Nikamuuliza kama ana maji safi na jiko.

"Maji iko. Na jiko ya mafuta iko."

"Anasema yuko tayari," nikamwambia Sista.

Sista akaenda kabatini, akarudi na makopo manne, akayapanga kwenye mfuko wa plastiki. Yule dada akaniuliza ni ya nini. Nilikuwa na nafasi hapo. Nilikuwa na nafasi kubwa kama mlango. Nikasema ni ya kuongeza damu.

Akashukuru kwa mikono miwili. Alipotoka nilimkimbilia na mkate niliokuwa nimebeba kwa ajili yangu, nikamwambia afungue saumu yake akale. Nilirudi ndani nikijiona mtu mwema.

Jumatano hakuja. Wala Jumamosi. Sista aliniuliza, "Yule dada yako mtulivu, umemwona?" Nikajibu kwamba nimemwona, hajambo. Sikuwa nimemwona. Baadaye nilikuja kujua kwamba mtu wake mzima, mama mmoja wa kanisani kwao, alikuwa anafanya kazi za ndani na haruhusiwi kutoka Jumatano. Kwa hiyo yule dada alikuwa anangoja mpaka huyo mama apate nafasi, kwa sababu mimi nilimwambia asije peke yake.

Nilimtafuta mara moja tu. Nilikwenda kwenye jengo alilotutajia, huku huku Point, vyumba vimegawanywa kwa mapazia, nikaulizia mama mjamzito wa Uvira. Jirani akasema kajifungua mapema, mtoto wa kike, na mumewe amewahamishia Jacobs karibu na kazi. Jacobs ni kubwa, hakujua sehemu gani. Niliposikia hivyo nilishusha pumzi. Niliteremka zile ngazi nikiwa mwepesi. Katika yote niliyoyafanya, hilo la kushusha pumzi ndilo linalonitia aibu zaidi, maana yale mengine niliyafanya kwa kumwonea huruma, na hilo nililifanya kwa ajili yangu tu.

Kulikuwa na teksi za kwenda Jacobs kila baada ya dakika chache. Kulikuwa na kiwanda, na wapakiaji wa Kongo wanajuana. Ningempata kwa siku moja. Lakini ilikuwa inaelekea Krismasi, wateja wamejaa, kila mtu anataka rasta mpaka kiunoni, na mimi nikajificha ndani ya nywele za watu kwa wiki saba.

Alikuja mwenyewe. Ilikuwa mchana, saluni imejaa, nimeshika kichwa cha mteja nusu kimesukwa nusu kimesimama. Akaingia akiwa na mtoto mgongoni na mfuko wa mapapai mkononi. Wanawake wote wakamshangilia mtoto. Alikuwa mnene, mashavu yamejaa, vifundo vya mikono vimezama kwenye nyama. Mama yake akanipa mapapai.

"Dada, nimekuya kusema asante. Ile maziwa yenu inanisaidia sana. Naiweka mu chai asubuhi na mangaribi. Niliona picha ya mutoto juu ya kopo, nikasema kumbe njo hivi, mama anakunywa, mutoto ananona. Na angalia, kweli ananona."

Akakaa kwenye benchi, akamtoa mtoto mgongoni, akampa ziwa.

Wenzangu walikuwa wanaongea, redio inaongea, mimi nimesimama na uzi wa nywele kidoleni. Nilijaribu kuhesabu mara ngapi kwa siku mtoto ananyonya. Mara nane, mara kumi. Kwa wiki saba. Watu wenye akili walikaa miaka wakitafuta namna ya kuisaga dhahabu mpaka iweze kutoa jibu kwa dakika kumi na tano, nami nikaja na ulimi wangu nikalichelewesha jibu kwa zaidi ya wiki saba. Nilimwomba mteja radhi. Nikamwambia yule dada twende nje.

Nyuma ya saluni kulikuwa na ngazi za zege tulipokuwa tunaanika taulo. Tukakaa hapo. Mtoto alikuwa bado ananyonya. Nikamwambia. Safari hii sikuuliza kama amekula. Nilisema yote kwa mpangilio, mistari miwili, kipimo cha pili, maneno ya Sista, makopo yalikuwa ya nani na ya kazi gani.

Aliingiza kidole pembeni mwa mdomo wa mtoto, polepole, jinsi wanavyofanya akina mama ili mtoto aachie bila kuuma, akamtoa kwenye ziwa, akafunga kifungo cha blauzi. Mtoto akaanza kulia.

"Ulijua ile siku?"

"Nilijua."

"Sista alisema, na wewe ukaikamata mu kinywa?"

"Alisema. Ni mimi sikukwambia."

"Juu ya nini?"

Nikamweleza kwamba alikuwa peke yake, na ana njaa. Nilipoyasikia maneno yale yakitoka, kwenye ngazi zile, mtoto analia kutaka kunyonya na hapewi, sikuwa na hamu ya kuyamaliza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nilitembeaka na miguu toka Uvira mpaka Zambia. Nilizika mutoto wa kwanza mu njia. Wewe ukaona mimi siwezi neno moja."

Akasimama akamfunga mtoto mgongoni. "Twende kwa Sista. Sasa."

Kwenye teksi mtoto alilia mpaka akalala. Abiria mmoja, mama wa Kizulu, aliuliza kwa ishara kwa nini hanyonyeshwi.

Sista alituona tukiingia akafurahi, akanyoosha mikono kumpokea mtoto. Yule dada alimkabidhi, kisha akanigeukia. "Mwambie kila neno yenye aliniambia ile siku, na kila neno yenye wewe uliweka. Moja moja. Niko nasikia Kingereza kidogo sasa. Nitajua ukikata."

Nikatafsiri. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Nilisema: wewe ulisema hivi, mimi nikamwambia hivi. Wewe uliuliza hivi, mimi nikakujibu hivi. Sista aliketi na mtoto mapajani. Nilipofika kwenye makopo aliinua mkono nisimame, akavua miwani, akaitazama dirishani kama ina uchafu, akaivaa tena. Akaniambia niendelee.

Nilipomaliza hakunitukana. Aliniambia, "Mimi nilikupa mdomo wangu, sisi." Halafu akaniambia nitafsiri jambo moja la mwisho ndipo niende, na nisirudi Jumatano wala Jumamosi.

Jambo lenyewe lilikuwa la mtoto. Yule dada alitaka apimwe pale pale, kwani kipimo si dakika kumi na tano? Sista akaeleza kwamba kibao kile hakimtafuti mdudu mwenyewe. Kinatafuta askari ambao mwili umewatengeneza ili kupigana naye, na mtoto mchanga huzaliwa na askari wa mama yake. Tukimpima leo itatoka mistari miwili, na tusijue ni ya mtoto au ni ya mama. Mpaka askari wale wa kuazima waishe mwilini, itafika mwaka na nusu. Kipimo cha kumtafuta mdudu mwenyewe kilikuwepo, lakini si kwa zahanati kama ile. Kazi iliyobaki ilikuwa kumpa kopo na kungoja.

Nilitafsiri yote, sikukata neno. Nikarudi Point kwa miguu.

Huo mwaka na nusu niliuishi saluni. Wateja walinilalamikia kwamba nimekuwa mkali na mkono wangu unavuta. Wenzangu walijua, kwa sababu mambo hayafichiki kwenye chumba kimoja, na hawakunisema, na kunyamaza kwao kulinichosha. Nilikuwa nasikia habari za mtoto kwa watu. Ameota meno. Amesimama. Anaumwaumwa kifua. Hilo la kifua nililisikia mara tatu, na kila mara nilijiambia watoto wote wa Jacobs wana vifua, kwa moshi ule wa viwanda. Mume wa yule dada naye alipimwa, lakini hayo si yangu kuyasimulia.

Siku ya kumpima mtoto ilipofika, yule dada alinifuata mwenyewe. Alikuwa amekonda. Alisimama mlangoni mwa saluni, mtoto kamshika mkono.

"Kuya utafsiri."

Nikamwambia Sista ana mtu mwingine siku hizi, Mkongomani, anayeongea kama wao.

"Najua. Iko mama wa heshima. Ataniurumia. Wewe uwezi tena."

Nikavua aproni.

Sista hakunisalimia ila hakunifukuza. Alimchoma mtoto kidole, mtoto akalia, akapewa biskuti. Tukakaa watatu tukitazama kidirisha. Hakuna aliyesimulia chochote. Mstari wa kwanza ukatokea, mwekundu, mzuri. Kisha, bila haraka, ukatokea wa pili. Sista akatoa kipimo cha kampuni nyingine, na chenyewe kikasema vilevile.

Akasema, nami nikasema nyuma yake, neno kwa neno: mtoto ana virusi. Yule dada aliuliza swali moja tu, ni wakati gani ameambukizwa. Nilimtafsiria Sista. Sista alinitazama kwa muda, nadhani ilikuwa mara ya kwanza siku ile, akajibu kwamba haijulikani. Wengine huambukizwa wakati wa kuzaliwa, na hapo makopo yasingesaidia. Wengine ni kwa maziwa. Kwa huyu hakuna anayeweza kujua.

Neno lile "haijulikani" lilinijia kama kiti kwa mtu aliyechoka kusimama. Ningeweza kulivuta kidogo tu. Ningeweza kuanza na la kuzaliwa na kulirefusha, na la maziwa nikalitaja kwa haraka, na asingejua, na mimi ningepumua.

Nikamwambia, "Sista anasema haijulikani. Inawezekana ilikuwa siku ya kuzaliwa. Inawezekana ni katika zile wiki saba za kunyonya, ambazo ni mimi niliyezisababisha." Hayo ya mwisho Sista hakuyasema. Niliyaongeza, halafu nikayarudia kwa Kiingereza ili Sista naye ayasikie.

Yule dada alimpangusa mtoto makombo ya biskuti mdomoni. Akamfunga mgongoni, akakaza khanga kifuani, akasimama.

"Leo umetafsiri muzuri," akaniambia.